Namna ya kuwinda kulungu na wenzako bila kukosana

Kulungu ninayemsema hapa ni yule wa nchi za baridi, ambaye dume wake hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Pembe hizo zimegombanisha watu kuliko kitu kingine chochote msituni. Mimi huwinda kwa upinde. Napanda dungu kabla hakujapambazuka, na dume mdogo akipita namwacha aende zake. Mwenzangu ana bunduki, humpiga jike wa kwanza anayejitokeza, na saa sita mchana yuko nyumbani anakata nyama. Tumewinda pamoja miaka 11.

Kaeni mzungumze kabla ya msimu, silaha zikiwa bado kabatini. Kila mtu aseme anachotafuta: nyama, pembe, au kukaa kimya chini ya miti tu. Kisha tenganisheni sheria na hiari. Leseni, tarehe za msimu, idadi na jinsia ya mnyama, aina ya silaha: hayo ni sheria, hayana "mimi naona". Yaliyobaki ni hiari, na mwenye kidole kwenye kifyatulio ndiye anayeamua. Ugomvi mwingi niliouona ulianzishwa na mtu aliyejiwekea kanuni yake moyoni, akaanza kuwasomea wenzake kama sheria.

Na hoja za pande zote mbili zina uzito. Dume huhitaji miaka mitano hivi, au zaidi, ili pembe zake zifikie upeo. Ukimpiga wa mwaka mmoja na nusu, huyo humwoni tena. Jike mzima naye mara nyingi huzaa pacha, na kulungu wakizidi hula miche mpaka msitu unashindwa kujirithi. Anayeacha madume na anayepunguza majike wote wanajua wanachofanya.

Haya nayasema sasa. Zamani nilikuwa na mdomo. Kijana mmoja alikuja na mawindo yake ya kwanza, dume mwenye pembe za urefu wa kidole. Alikuwa ameshatoa simu anionyeshe alipompigia. Nikasema, "Ungemwachia mwaka mmoja tu." Akairudisha simu mfukoni. Msimu uliofuata hakuja, na mwenzangu ilibidi amfuate mara mbili ndipo akarudi. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: kwanza hongera, halafu naomba kisa chote, alitokea upande gani, alisimama wapi, alikimbia mbali kiasi gani. Kisha nashika mguu mmoja tumburute. Umri wa mnyama nautaja nikiulizwa, na kwa kawaida siulizwi.

Kuhusu silaha, usibishane na mtu kuhusu upinde, gobori au bunduki. Muulize umbali. Mshale huua kwa kukata na kumwaga damu, hivyo lazima uwe karibu. Mimi mwisho wangu ni mita 25, kwa sababu zaidi ya hapo mishale yangu hutawanyika hata uwanjani. Anayefyatua kwa umbali ambao hajaufanyia mazoezi hatendi hiari yake tena, anamtesa mnyama. Hapo mimi humwambia, lakini tukiwa wawili, jioni, akiwa ameshakula.

Msituni, aliyetangulia ndiye mwenye mahali. Ukiona tochi juu ya mti, mwashie yako mara moja ajue uko wapi, kisha rudi nyuma. Usipite upande upepo unakotoka, maana harufu yako itamfukuzia kulungu wote. Elezaneni kila dungu liko wapi na upande gani haupigwi kabisa. Vaeni rangi ya chungwa, hata wa upinde bunduki zikiwa msituni. Kulungu haitofautishi vizuri rangi hiyo na kijani. Binadamu mwenzako anaitofautisha, kwa hiyo kisingizio cha kujificha hakipo.

Linalohitaji kukubaliana mapema kabisa ni mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kwa mwingine. Sisi husema ni wa aliyempiga pigo la kwanza la kuua, anayemmalizia amesaidia. Msimfuate mbio. Akipigwa mapafuni, subirini nusu saa. Akipigwa tumboni, subirini saa nyingi, sita au zaidi, la sivyo mtamwinua kichakani alikolala na damu itapotea. Na kama damu inaelekea kwenye dungu la mtu, nenda ukamwombe ruhusa kwanza. Akikataa mpaka giza liingie, hiyo nayo ni haki yake.

Mwaka juzi mwenzangu alikuja hivyo, akasimama mbali, akanipungia kofia. Jike wake alikuwa amepita chini yangu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ninayoingojea siku nzima. Nikashuka. Tulifuata matone hadi kwenye kijito, tukamkuta. Tulipokuwa tunamvuta, dume niliyemvizia wiki tatu alivuka njia mbele yetu, taratibu, kama mwenye shamba. Upinde wangu ulikuwa umening'inia mtini. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi nikishuka nauteremsha nao, kwa kamba, mishale ikiwa podoni.