Kuangalia ndege msimu wa baridi, anza hivi

Watu wengi wanadhani baridi ikija ndege wote washahama, kumbe huu ndo wakati wenyewe wa kuwaona, miti imepukutisha majani kwahiyo hawana pa kujificha. Toka nje asubuhi jua likishachomoza, maana usiku kucha wametumia mafuta ya mwilini kujipasha joto, saa hizo wana njaa balaa na hawatulii. Darubini ya kuanzia chukua 8x42, yaani inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, zile za kuvuta sana picha inatetemeka mkononi utaumwa kichwa bure.

Hutaki kutoka? Ning'iniza mbegu za alizeti karibu kabisa na dirisha, mkate achana nao. Halafu tulia. Ukiona ndege kavimba kama mpira usidhani anaumwa, katunisha manyoya ili yashike hewa ya joto.

Kila unayemwona andika kwenye kidaftari, tarehe, saa, rangi ya mdomo, alikuwa anafanya nini. Mi nilianza na watatu tu, siku hizi nikipata mpya nachekelea peke yangu kama nimeokota hela.