Lenzi Moja ya Mtumba kwa Uso wa Bibi Harusi na Ua la Piko

Usiku wa hina, nyumba moja ya Ngamiani hapa Tanga. Chumba kimejaa wanawake, bibi harusi kakalishwa kwenye mkeka, mikono kailaza juu ya mto ili piko ikauke. Nilikuwa na kazi mbili: kumpiga uso huku shangazi zake wakionekana kwa mbali nyuma yake, na kulipiga lile ua dogo la piko juu ya kidole cha pete, mistari yake myembamba kama uzi wa kushonea kofia. Hapakuwa na pa kuweka begi, sembuse kusimama na kubadilisha lenzi. Picha zote mbili zilitoka kwenye lenzi moja, Tamron ya milimita 90, lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Wengi mmeniuliza jinsi ya kuipata lenzi ya namna hiyo bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na kamera yako

Kabla hujamuuliza muuzaji bei, jua kamera yako inakubali nini. Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S zimetengenezwa kwa kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha) kama 700D; hazifungi kwenye zile za sensa kubwa, 6D wala 5D. Zile za EF zinafunga kote.

Kwa Nikon ndipo watu wanapolia. D3200, D5300 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukizifunga lenzi isiyo na mota yake, picha itapiga lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Micro (makro ya Nikon) ya 60mm f/2.8D ni lenzi nzuri mno, ila kwenye D3200 ni ya mkono tu. Hata Tamron 90 ya kufunga kwenye Nikon ilitoka kwa namna mbili, ya mwanzo haina mota, iliyofuata inayo. Igeuze uitazame kwenye pete ya chuma ya nyuma: ukiona kitundu chenye kichwa kama cha skurubu, lenzi hiyo inategemea mota ya kamera.

Hatua ya 2: Chagua urefu

Urefu ni zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, milimita 60 inakupa upana wa picha sawa na wa 90 hivi kwenye sensa kubwa. Ni pazuri kwa uso. Ukiweka 100 kwenye Canon ya sensa ndogo unapata kama 160, na kwenye vyumba vyetu utajikuta umerudi nyuma mpaka ukumbini. Wenye sensa kubwa, chukueni 90, 100 au 105 bila kusita.

Kuna upande wa pili wa mizani. Lenzi fupi inakulazimisha usogee sana. Canon EF-S 60 ikiwa imesogezwa mwisho, mdomo wake unabaki kama sentimita 9 kutoka kwenye kitu. Ile ya 100 inakupa kama 15. Hizo sentimita 6 ndizo zinazoingiza mwanga. Kwa hina haina taabu, mkono hautoroki. Kwa panzi na vipepeo vya msitu wa Amani, utaona tofauti.

Hatua ya 3: Hakikisha ni makro ya kweli

Hapa nina kidonda. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa zumu (lenzi ya kuvuta) ya 70-300, imeandikwa Macro ubavuni kwa herufi za dhahabu, na muuzaji wa duka moja la Dar akaniapia kwamba "hii inapiga mpaka jicho la sisimizi." Haikupiga. Neno Macro kwenye zumu nyingi maana yake ni kwamba inasogea karibu kidogo kuliko wenzake. Zinazojitahidi zinaishia nusu ya ukubwa halisi, yaani 1:2. Makro ya kweli hufika 1:1: kitu cha milimita 10 kinaangukia milimita 10 za sensa. Nikon wao huandika Micro, msichanganyikiwe.

Chukua mfano wa Saintpaulia, lile ua la zambarau la milima yetu ya Usambara ambalo leo liko madirishani dunia nzima. Limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga, aliyepeleka mbegu zake kwao mwaka 1892. Kiua chake kina upana wa sentimita mbili na kitu. Sensa kubwa ni milimita 36 kwa 24, kwa hiyo kwa 1:1 ua moja linajaza picha toka juu hadi chini, na vile vifuko viwili vya chavua vya manjano katikati vinasimama kama punje za mahindi. Kwa ile zumu yangu, ua lilikuwa linaelea katikati ya majani.

Usimwamini mtu, nenda na rula ya mwanafunzi. Zungusha fokasi kwa mkono mpaka mwisho wa karibu, sogea wewe mpaka mistari ya rula iwe kali, piga. Hesabu milimita zilizoingia kwa upana: sensa kubwa ziwe 36, Nikon ndogo zisizidi 24, Canon ndogo kama 22. Zikizidi sana, hiyo si makro.

Hatua ya 4: Piga tochi

Ukikosa muda wa hatua zote, fanya hii. Sisi tunaishi kandokando ya bahari, hewa ina unyevu mwaka mzima, na adui mkubwa wa vioo hapa ni fangasi.

Toa vifuniko vyote viwili. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Washa tochi ya simu, iweke upande wa nyuma wa lenzi, kisha tazama kwa mbele ukiwa umeiinamisha kidogo, usitazame taa moja kwa moja. Geuza polepole. Vumbi litaonekana kama vidoti. Vidoti vitano sita visikutishe, havionekani kwenye picha. Fangasi ina matawi, kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi inayotambaa kutoka ukingoni mwa kioo kuja kati. Ukiyaona hayo matawi, rudisha lenzi, shukuru, ondoka. Ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi nao unaharibu, mwanga wa dirishani ukiingia picha nzima inapauka.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele ni sababu ya kushusha bei, si ya kukataa. Kioo cha nyuma ndicho usikivumilie.

Halafu zungusha pete ya fokasi taratibu, sikio likiwa karibu. Ukisikia kukwaruza, mchanga umeingia. Lenzi za wapiga picha wa ufukweni nyingi ziko hivyo.

Hatua ya 5: Funga kwenye kamera, piga

Piga f/2.8, f/8 na f/16 (namba ya f ni kipimo cha tundu: namba ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi). Kwenye Canon, lenzi inayotoa Err 01 mara tu ukitoka f/2.8 huwa ina shida ya waya au ya tundu lenyewe, iache. Kisha mwombe muuzaji akae karibu na mlango, mpige uso kwa f/2.8, fokasi kwenye jicho, mara kumi. Kuza uone kope. Kama lenzi ina swichi ya kuzuia fokasi isiende karibu, ijaribu pia, kwa sababu kwenye uso itakuokoa. Bila hiyo lenzi ya makro hukimbia mpaka mwisho wa karibu na kurudi, na tabasamu limeshapita.

Hatua ya 6: Ukifika nyumbani

Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pongwe: Shikamoo dada. Nina 50mm f/1.8 ya Canon na hela ya lenzi nyingine sina. Zile pete za kurefusha zinafaa?

Marahaba mdogo wangu. Pete hizo hukaa kati ya kamera na lenzi, na zinafaa sana kuanzia. Gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi: pete ya milimita 36 kwenye 50 inakuongezea 0.72, karibu robo tatu ya ukubwa halisi. Nunua zenye viunganishi vya umeme. Zisizo navyo zitakuacha umekwama kwenye f/1.8. Na ukumbuke, pete ikiwemo huwezi kupiga uso wa mtu kwa umbali wa kawaida, lazima uitoe.

Mwanachama wa Muheza: Dada, pete ya ndoa kwangu inakuwa kali sehemu moja tu, kwingine kumefifia. Lenzi mbovu?

Si mbovu. Kwenye 1:1 kwa f/8, sehemu iliyo kali ina unene wa kama milimita 1 kwenye sensa kubwa. Rudi nyuma kidogo, nenda f/11, weka kamera kwenye stendi, na ilaze pete ili upande unaoutaka uwe sambamba na sensa.

Mwanachama wa Chumbageni: Canon 100 ya kawaida au ile ya L yenye kitulizi cha mtikisiko?

Kwa nyuso za ukumbini usiku, ya L inasaidia kweli. Kwa makro kitulizi hupungua nguvu: Canon wenyewe wanataja stopu (hatua za mwanga) 4 kwa umbali wa kawaida na 2 tu kwenye 1:1. Kama fedha ni ya kuungaunga, chukua ya kawaida, kinachobaki nunua flashi.

Mwanachama wa Raskazone: Bibi harusi alilalamika kwamba lenzi ya makro imeonyesha waziwazi vinyweleo na poda yake.

Pole, mama. Lenzi hizi hazifichi kitu. Usilaumu kioo, hamisha mwanga. Mlete karibu na dirisha kubwa lenye pazia jeupe, uso augeuzie dirisha, mwanga usije kwa ubavuni. Ukali ubaki kwenye macho. Mimi pia humwomba mpambaji aniachie dakika mbili, nampiga akiwa amenusa kikuba chake, asumini zikiwa bado mbichi, kisha naganda hapohapo na kusogea mpaka matone ya maji kwenye petali.