Kutambua mimea ya jamii ya mnyaa: anza na tunda, maziwa baadaye

Vijana wanaosomea kuongoza watalii hapa Moshi wakiona maziwa tu, yaani utomvu mweupe, husema, "Hii ni Euphorbia," jenasi ya mnyaa. Maziwa hayatoshi. Mkuyu unayo, mpapai unayo, na wala si wa familia hii. Mnyonyo ni wa Euphorbiaceae, familia ya mnyaa, kabisa, lakini ukiuvunja hautoi maziwa.

Hatua ya 1: Vifaa
Wembe mpya, glavu, na lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Programu za simu sizikubali kwa kazi hii, maana picha ya jani haioneshi kilicho ndani ya tunda. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Hatua ya 2: Tunda
Likate kwa upana. Mara nyingi utakuta vyumba vitatu. Chumba chenye kijimbegu (mbegu changa isiyokomaa) kimoja ni Euphorbiaceae. Chumba chenye vijimbegu viwili, kama kwa mkwamba, ni familia nyingine, Phyllanthaceae, ambayo vitabu vya zamani viliihesabu humu humu. Tumia tunda changa sana, kwa sababu likikomaa kijimbegu kimoja huweza kufa na hesabu ikakudanganya.

Hatua ya 3: Kundi
Familia hii ina makundi madogo ndani yake: mhogo na mbono kaburi ni Crotonoideae, mnyonyo ni Acalyphoideae, mnyaa ni Euphorbioideae.

Hatua ya 4: "Ua" la Euphorbia
Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo twende taratibu. Chukua lile ua la Krismasi lenye asili ya Mexico, Euphorbia pulcherrima. Yale mekundu ni majani. Katikati yake kuna vikombe vidogo vya kijani, kila kimoja kina tezi ya njano ubavuni, kama mdomo. Kikombe hicho si ua moja, ni kundi zima la maua. Kipasue kwa urefu. Kila stameni (kijiti chenye chavua) ni ua la kiume lililojitegemea: tazama kijiti chake kwa lenzi, utaona kiungo kama kifundo. Chini ya kifundo ni kikonyo cha ua, juu yake ndiyo stameni yenyewe. Ua la kike likiwepo ni moja tu, ovari ya vyumba vitatu juu ya kikonyo chake. Usipoliona, usikate tamaa: pasua vikombe vingine, vichanga na vilivyokomaa, kwani vingine havina kabisa. Mmea wenye vikombe hivi ni Euphorbia, uwe mti wenye miiba au gugu la shambani. Hata Monadenium na Synadenium za vitabu vya zamani zimeingizwa humo. Mpungate una miiba pia, lakini ua lake lina petali za kweli na utomvu wake si mweupe.

Hatua ya 5: Sampuli
Tawi nene lipasue, lichovye kwenye maji yanayochemka, ndipo ulikandamize kwenye magazeti. Bila hivyo litaendelea kuishi humo na kuota ukungu. Andika mahali, tarehe na rangi ya utomvu, halafu ulipeleke kwenye hebaria ya taifa (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), Arusha.