Somo: Swali la mtungi, na kimya cha sekunde tatu

Habari za kazi, walimu wenzangu. Leo naleta mbinu ya kuuliza maswali ninayoitumia darasa la tano, kipindi cha sayansi.

Hatua ya 1. Acha "Mvukizo ni nini?" Hilo watalikariri. Uliza: "Kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, na vyote viko kivulini?" Lete mtungi wenyewe, waupapase.

Hatua ya 2. Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi, na katika matokeo aliyoyachapisha miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu husubiri kama sekunde 1 tu. Walimu waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kusema. Hesabu kimoyomoyo. Mwanzoni kimya hicho kinatesa, kivumilie.

Hatua ya 3. Kila mtoto aandike wazo lake, kisha amweleze jirani wa dawati.

Hatua ya 4. Usiseme "vizuri" wala "umekosa". Uliza: "Umejuaje?" Mtoto mmoja alinijibu kuwa udongo una baridi kwa sababu umetoka chini ya ardhi. Nikamuuliza, mbona tofali la ukutani lina joto? Akanyamaza, akaushika tena mtungi ubavuni, akatazama kiganja chake. "Mwalimu, huu unatoka jasho!" Kumbe ameshafika: maji hupenya vitundu vya udongo, na yanapogeuka mvuke kule nje huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Mimi nilibaki kumpa jina la kitu alichokwisha kukiona: mvukizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina wanafunzi 94. Nitawasikiliza vipi?
Jibu: Wote huwezi. Jirani wa dawati ndiye msikilizaji. Wewe pita madawati manne leo, kesho anzia safu ya nyuma.

Swali: Mada ni nyingi na mtihani uko mlangoni.
Jibu: Mimi nafanya mara moja kwa wiki, kwenye mada ambayo kila mwaka wanaikosea.

Swali: Niko sekondari. Jibu wanalo, Kiingereza kinawafunga mdomo.
Jibu: Wawili wawili wajadiliane kwa Kiswahili, tena bila kuogopa. Kiingereza kije wakati wa kuandika, na maneno magumu uwaandikie ubaoni mapema.