Fedha ya mkupuo: uwekeze au upunguze mkopo wa nyumba?

Ligeuze swali: kama nyumba isingekuwa na deni hata senti, ningeiweka rehani leo ili nikawekeze? Ukisita, lipa deni. Ukipunguza mkopo wa riba ya asilimia 9, umeokoa asilimia 9 kwa uhakika. Uwekezaji lazima uizidi hiyo baada ya kodi na ada, na mara nyingi hakuna anayekuahidi hilo. Kipimo hiki hakifai kama huna akiba ya dharura (pesa ikishaingia kwenye nyumba, kuitoa ni kazi kweli), una deni lingine la riba kubwa zaidi, au mkataba una faini ya kulipa mapema. Ukilipa, agiza kwa maandishi kwamba fedha ipunguze salio la mkopo, isihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao.