Mzigo wa ziada nyuma ya karavani: pima mdomo kwanza, keria baadaye

Juzi nilishinda na rafiki yangu aliyenunua baiskeli mbili za umeme na keria ya kuzibebea nyuma ya karavani yake, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Keria ilikuwa bado kwenye boksi. Alikuwa ameshatoa spana, na aliniita kwa swali moja tu: bolti zipite wapi? Nikamwomba aweke spana chini kwanza, aniletee mizani ile ya bafuni ya kupimia uzito wa mwili. Hatukugusa bolti hata moja mpaka jioni. Naandika yote tuliyofanya siku ile, kwa sababu yeye si wa kwanza kuanzia kwenye bolti, na mimi mwenyewe nilianzia hapohapo miaka ya nyuma.

Tuelewane maneno kwanza. Mdomo ni ile sehemu ya mbele ya karavani inayokaa juu ya mpira wa kuvutia, yaani ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari. Uzito wa mdomo ni kilo ambazo karavani inaugandamizia mpira huo ikiwa imepakiwa tayari kwa safari.

Hatua ya 1: Soma kibati

Karavani ina kibati kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, na mara nyingi uzito wa juu wa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya pande mbili. Gari nalo lina kikomo cha uzito wa mdomo, na mpira wa kuvutia una chake. Andika namba zote. Ya mdomo ikitofautiana, unafuata iliyo ndogo.

Hatua ya 2: Pima mdomo

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Karavani ipakiwe kama inavyosafiri: vyombo, nguo, mitungi ya gesi, kila kitu isipokuwa huo mzigo mpya. Maji kwenye matangi yawe kama unavyosafiri nayo. Lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 80 lililo nyuma ya ekseli linaweza kukubadilishia matokeo yote. Ushauri wangu ni kusafiri na matangi ya nyuma matupu na kupimia hivyohivyo.

Weka mizani chini ya mdomo, juu yake ubao wa kulinda kioo, na juu ya ubao kipande cha mbao imara kilichosimama wima. Teremsha gurudumu dogo la mbele taratibu mpaka mdomo ukae juu ya mbao na gurudumu liachie ardhi kabisa. Soma kilo, kisha toa uzito wa ubao na mbao.

Kwa maneno ni rahisi. Siku yangu ile nilipata 62, nikarudia nikapata 81, nikarudia tena nikapata 70. Nikailaumu mizani, nikaazima nyingine, nayo ikayumba vilevile. Nilikuja kugundua makosa matatu, na yote yalikuwa yangu.

La kwanza ni urefu wa mbao. Mdomo lazima upimwe ukiwa kwenye kimo kilekile unachokuwa nacho ukiunganishwa na gari, na gari likiwa limepakiwa. Kwa karavani ya ekseli moja, tofauti ya sentimita chache haikupotoshi sana. Kwa ya ekseli mbili inakupotosha mno: ukiinua mdomo kidogo, ekseli ya mbele inapunguziwa mzigo, na sehemu ya mzigo huo inahamia kwenye mizani. Ya kwangu ilikuwa ya ekseli mbili, na kila nilipopima nilitumia kipande tofauti cha mbao. Pima kimo cha mpira kutoka ardhini kwa futi, kata mbao ya kimo hicho ukitoa unene wa mizani na ubao, na uiandike jina ili asije mtu akaifanya kuni.

La pili ni breki ya mkono. Mdomo ukiteremka hauendi chini kwa mstari ulionyooka, unachora upinde. Magurudumu yakiwa yamebanwa, karavani inaisukuma mbao upande na mizani inasoma uongo. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, acha nafasi ya upana wa kidole, kisha legeza breki. Fanya hivyo mahali tambarare tu. Na asiwepo mtu yeyote, mkubwa au mtoto, kati ya gari na karavani.

La tatu ni ardhi. Mteremko mdogo ambao macho hayauoni, mizani inauona. Tumia pimamaji sakafuni mwa karavani.

Kama mizani yako haifiki kilo hizo, tumia ubao mrefu: mwisho mmoja juu ya mizani, mwisho mwingine juu ya tofali la kimo hichohicho. Soma uzito wa ubao mtupu kwanza. Kisha kalisha mdomo kwenye theluthi ya ubao, ukihesabu kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja ya uzito. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3.

Vipo vipimio vidogo vya springi vinavyouzwa kwa kazi hii. Mimi sivipendi. Mstari mmoja wa kipimio hicho unabeba kilo nyingi mno, na mtu anaishia kusoma anachotaka kusoma. Pima mara tatu. Zikikaribiana, umepata.

Ulaya kiwango kinachotajwa zaidi ni kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa, Australia kama asilimia 10, na Marekani 10 hadi 15. Fuata maelezo ya mtengenezaji wa karavani yako na kikomo cha gari lako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mkia

Watu wengi hudhani kilo 60 nyuma ni kilo 60. Sivyo. Karavani ni kama pembea ya watoto, na ekseli ndiyo katikati yake. Ukikalia nyuma, mbele kunainuka.

Pima umbali kutoka ekseli hadi mdomo, na kutoka ekseli hadi katikati ya mzigo utakapokaa. Kama ni ekseli mbili, pimia katikati yake. Zidisha uzito wa mzigo kwa umbali wa nyuma, gawanya kwa umbali wa mbele. Jibu ni kilo zinazoondoka mdomoni.

Ya rafiki yangu ina uzito wa kilo 1,400 ikiwa imepakiwa, na mdomo ulisoma 85. Hiyo ni asilimia 6, safi kabisa. Baiskeli na keria ni kilo 60, zingekaa mita 3 nyuma ya ekseli, na mdomo uko mita 4 mbele. Kilo 60 mara 3 gawanya kwa 4 ni 45. Mdomo ungebaki na kilo 40 kwenye karavani ya kilo 1,460, yaani chini ya asilimia 3. Mdomo ukiwa mwepesi hivyo karavani huyumba kirahisi: hiyo ni karavani inayotafuta mahali pa kupindukia.

Tena zile kilo 45 zilizotoka mdomoni hazikupotea. Zinaikalia ekseli, pamoja na 60 zenyewe. Kwa hiyo baiskeli za kilo 60 zingeiongezea ekseli na matairi kilo 105. Rudi kwenye kibati uone kama nafasi hiyo ipo. Kama haipo, huna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Sogeza, usiongeze

Rafiki yangu alipoona 40 alipata wazo ambalo karibu kila mtu hulipata: tuweke kilo 60 za mchanga kwenye kabati la mbele, mdomo urudi 85. Mizani ingefurahi kweli. Barabara isingefurahi.

Shika nyundo mbili ndogo, moja kila mkono, uziweke karibu na kifua, kisha jaribu kujigeuza haraka kulia na kushoto. Sasa nyoosha mikono yote, ugeuke tena. Uzito ni uleule, ila ukishaanza kuzunguka, kujizuia kunakuwa kazi. Ndivyo karavani iliyolemewa ncha zote mbili inavyokuwa. Ukaidi huo unakua kwa umbali ukizidishwa kwa wenyewe: kilo moja iliyo mita 3 kutoka ekseli ina nguvu mara 9 ya kilo ileile ikiwa mita 1. Upepo wa lori linalokupita ukianza kuisukuma, itayumba kwa mizunguko mirefu na haitatulia upesi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, uliochapishwa 2009, ulijaribu jambo hili kwa gari na tela halisi, na ukaona kuwa mgawanyo wa mzigo, uzito wa mdomo na mahali pa ekseli ndivyo vyenye uzito mkubwa katika utulivu wa mwendo kasi. Vidhibiti vya kuyumba vinasaidia, ninacho na ninakipenda, lakini havifuti upakiaji mbaya.

Kwa hiyo dawa ni kuhamisha vilivyomo tayari. Tulifungua makabati ya nyuma ya rafiki yangu tukakuta zana na vyakula vya makopo, kilo 30, mita 2 nyuma ya ekseli. Tukavishusha sakafuni, nusu mita mbele ya ekseli: mdomo ukapata karibu kilo 19. Hema la pembeni, kilo 25, lililokuwa mita 2 nyuma pia, likahamia ndani ya gari: kilo 12 na nusu. Betri za baiskeli, kilo 3 kila moja, zikavuliwa na kwenda garini: kilo 4 na nusu. Jumla 36. Mdomo kwa hesabu ukafika 76 kwenye karavani ya kilo 1,429, asilimia 5 na kidogo, na ncha ya nyuma ikawa imepungua badala ya ncha ya mbele kuongezeka. Gari nalo lina kikomo chake, kwa hiyo hesabu vilivyohamia humo.

Hesabu peke yake haitoshi. Ukishafunga kila kitu, rudi hatua ya 2 upime tena.

Hatua ya 5: Ingia uvunguni na tochi

Swali la bolti sasa lina maana. Karavani nyingi nyepesi zina fremu nene mbele na katikati, halafu inakonda au inakatika kabla ya kufika nyuma. Bampa unaloliona huenda ni bomba jembamba la kushikilia taa tu. Ukuta wa nyuma mara nyingi ni karatasi mbili nyembamba zenye povu katikati, na skrubu iliyoingia kwenye povu haina kilichoishika. Keria ya ukutani ifungwe pale tu mtengenezaji alipoweka mbao au vibao vya kuimarisha, na isizidi kilo alizotaja.

Chaguo langu ni keria inayoshika fremu kuu pande zote mbili kwa vibanio na bolti, mzigo ukiwa karibu na ukuta kadiri inavyowezekana. Usitoboe wala kuchomelea fremu ya chuma chembamba kilichopakwa zinki bila ruhusa ya aliyeitengeneza. Moto wa kuchomelea unaunguza zinki na kudhoofisha chuma pembeni mwa kiungo, na tundu jipya ndipo ufa unapoanzia.

Kumbuka pia kwamba nyuma ya karavani hurushwa kila ukivuka tuta. Uzito uliosimama kimya kilo 60 unaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo kwa sekunde moja, na unafanya hivyo maelfu ya mara katika safari moja. Niliwahi kubeba tairi la spea kwenye bampa la nyuma misimu miwili bila wasiwasi. Siku moja nikiwa nafuta matope chini nikaona mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, umezunguka pembeni ya kiungo kilichochomelewa. Nikashika tairi nikalitikisa: mstari ukafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Tangu siku hiyo nafuta viungo hivyo kwa kitambaa kabla ya kila safari na kuviangalia kwa tochi ya pembeni, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha ufa.

Madumu ya petroli siyaweki nyuma kabisa. Dumu la lita 20 lina takriban kilo 15 za petroli peke yake, na hapo ndipo gari la nyuma litakapogonga kwanza.

Hatua ya 6: Funga

Mikanda ya racheti, si kamba za mpira. Mpira uwe wa kuzuia kitu kisipigepige tu. Baiskeli ifungwe kwenye fremu yake na kwenye magurudumu yote mawili, na mkia wa mkanda ufungwe fundo usipeperuke.

Hatua ya 7: Taa na namba

Mwombe mtu asimame mita chache nyuma wakati unawasha taa, breki na indiketa. Kinachozibwa kihamishwe au kiongezewe ubao wa taa wenye namba ya usajili. Angalia pia sheria ya nchi unayosafiria kuhusu mzigo unaochomoza nyuma.

Hatua ya 8: Kilomita 20 za kwanza

Upepo wa matairi uwe wa kiwango cha mzigo uliojaa. Anza barabara tulivu, ongeza mwendo kidogokidogo, sikiliza mkia. Ukiuhisi unacheza kwenye mwendo mdogo, usijipe moyo kwamba utatulia mbele. Simama mahali salama upakue.

Ikianza kuyumba kweli, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Usifukuzane nayo kwa usukani, usikanyage breki kwa nguvu, na usisikilize wanaosema ongeza mwendo uinyooshe. Kama karavani ina breki za umeme zenye kitufe cha mkononi, kibonyeze taratibu uivute nyuma. Kwenye mteremko punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, maana huko ndiko yumbo hukua haraka.

Baada ya kilomita 20 simama, kaza mikanda, shika kila bolti. Nati mbili za rafiki yangu zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Tukazikaza, tukachora alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili kituo kinachofuata aone kwa jicho tu kama zimesogea.