Seva ya barua pepe ikisema diski imejaa: pa kuanzia na pa kutogusa

Msimu wa korosho ukianza, ofisi za huku Mtwara hutumiana makaratasi kuliko wakati wowote. Orodha za mnada, stakabadhi za ghala, hati za malipo za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), zote zinaskaniwa kwa rangi na kutumwa kwa watu kumi kwa mpigo. Seva ikijaa wakati huo, diski mpya ya kutoka Kariakoo itakuja na basi, na kazi haingoji basi. Maelezo haya ni ya Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayotunza masanduku ya watumiaji) kwenye Linux. Amri zote ziendeshe ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo.

Hatua ya 1: Soma kosa lenyewe

`tail -n 50 /var/log/mail.log`

Kwenye CentOS na jamaa zake faili ni `/var/log/maillog`. Anayetuma kutoka nje huwa anajibiwa `452 4.3.1 Insufficient system storage`. Tulia. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "rudi baadaye", na seva iliyotuma itajaribu tena yenyewe. Mwenye haraka ni bosi, si barua.

Ukikuta `not enough free space in mail queue`, jua kwamba Postfix haisubiri diski ifike sifuri. Hukataa kupokea nafasi ikishuka chini ya mara 1.5 ya `message_size_limit`. Kiwango inachokuja nacho ni baiti 10240000, kwa hiyo inataka kama MB 15 tu. Lakini mtu akishakipandisha hadi MB 100 ili orodha za mnada zipite, seva itakataa hata barua ya mstari mmoja huku MB 140 ziko wazi. Hakikisha kwa `postconf message_size_limit` kabla hujafuta chochote.

Hatua ya 2: Pima nafasi, kisha pima inodi

`df -h /var/spool/postfix /var/mail`
`df -i /var/spool/postfix /var/mail`

Kama barua zako zinakaa kwingine, mfano `/home` au `/var/vmail`, weka njia hiyo. Amri ya pili ndiyo wengi huiruka. Maildir, mtindo mmoja wa kuhifadhi barua, huweka kila barua kama faili lake, na kila faili hula inodi moja (nafasi ya kuandikishwa faili kwenye diski). Zikiisha, ni sawa na ghala lenye nafasi tele ambalo karani wake ameishiwa kitabu cha stakabadhi: hata gunia moja halipokelewi. Kufuta faili moja la GB 5 hapo hakusaidii kitu. Inabidi zipungue faili nyingi ndogo.

Hatua ya 3: Pata pa kupumulia

`journalctl --vacuum-size=200M`
`apt clean`

Hizi hazigusi barua ya mtu.

Hatua ya 4: Mtafute mlaji

`du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail -n 15`

Ile `-x` huizuia `du` isivuke kwenda diski nyingine. Ikiwa jumla ya `du` ni ndogo sana kuliko ya `df`, kuna faili lililofutwa ambalo programu bado imelishikilia. Amri ya `lsof +L1` italitaja pamoja na programu yenyewe. Iwashe upya programu hiyo na nafasi itarudi. Mara nyingi ni logi (faili la kumbukumbu za programu) iliyofutwa kwa `rm`. Logi kubwa ipunguze kwa `truncate -s 0`.

Hatua ya 5: Kagua foleni

`postqueue -p | tail -n 1`
`qshape deferred`

Foleni ndefu si lazima iwe ya takataka. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima. Siku kama hizo barua halali hukaa foleni zikingoja njia, na Postfix huzishika hadi siku 5. Takataka utaitambua kwa mtumaji mmoja mwenye maelfu ya barua kwenda anwani za ajabu ajabu. Huyo nywila yake imeibwa. Ibadilishe kwanza, ndipo ufute zake tu:

`postqueue -j | jq -r 'select(.sender=="karani@mfano.co.tz") | .queue_id' | postsuper -d -`

Usiingie `/var/spool/postfix` na `rm`. Na `postsuper -d ALL` iache kabisa, hata ukiwa na hasira.

Hatua ya 6: Masanduku ya watumiaji

Hapa ndipo GB zilipo. Watu hufuta barua wakadhani zimeondoka, kumbe zimehamia Trash. Hesabu kwanza, waarifu wenyewe, kisha ondoa:

`doveadm search -A mailbox Trash savedbefore 30d | wc -l`
`doveadm expunge -A mailbox Trash savedbefore 30d`

Kama unatumia mdbox (mtindo wa Dovecot wa kuweka barua nyingi ndani ya faili moja), malizia na `doveadm purge -A`. Bila hiyo nafasi hairudi. Sent ina mzigo mkubwa pia, lakini mhasibu huitumia kama kabati la mafaili. Muulize.

Hatua ya 7: Ruhusu barua zipite

`postqueue -f`

Tuma barua ya majaribio kutoka nje huku ukitazama `tail -f /var/log/mail.log` hadi uone `status=sent`. Baada ya hapo mpe kila mtumiaji kikomo cha sanduku ndani ya Dovecot, na uweke kwenye cron (ratiba ya kazi za Linux) kijiprogramu cha kukutumia ujumbe wa simu `df` ikifika asilimia 80. Kisitumie barua pepe ya seva hiyohiyo.